Hodi ya Chumba cha Tisa

Mzee Lusekelo Mwasomola amestaafu tarehe 31 Julai 2009, baada ya kulitumikia ghala la Makumbusho ya Wexcombe, hapa Springfield, nje kidogo ya Washington, kwa miaka ishirini na mitano. Alianza mwaka 1984 akiwa mlinzi wa mlango wa nyuma, akapandishwa kuwa mfungaji wa makasha, na kwa muda mrefu sasa amekuwa msimamizi wa wafungaji wote. Wasifu huu umeandikwa na Mwatumu, aliyefanya kazi chini yake tangu mwaka 1996, kwa niaba ya umoja wetu sisi wafanyakazi tunaosema Kiswahili, wa kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo. Wakubwa waliokaa meza ya mbele wamepewa karatasi yao ya Kiingereza, fupi na tamu. Hii ndefu ni yetu, nitaisoma yote, na pilau itasubiri.

Mzee Lusekelo alizaliwa Rungwe, kwenye baridi na migomba. Alifika Washington mwaka 1979 akiwa dereva wa ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa alipomaliza muda wake akarudi nyumbani, dereva akabaki. Alibakije? Hatujui, na leo si siku ya kuuliza.

Wanaomfahamu wanajua kwamba Mnyakyusa huyu na msiba ni chai na sukari. Toka Sterling mpaka Columbia Heights hakuna matanga yaliyompita, ya Kiislamu, ya Kikatoliki wala ya Kilokole. Mwaka mmoja aliambiwa kuna msiba Sterling, akaenda, akakuta nyumba imejaa watu, akalia, akabeba viti, akala, akakesha. Asubuhi ndipo alipogundua kwamba marehemu alikuwa Mhabeshi na msiba wetu ulikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Tulimcheka mwezi mzima. Yeye alijibu kwamba aliyekufa alikuwa mtu, na viti vilihitaji kubebwa.

Kazini alikuwa mkali kama pilipili ya Pemba. Vyungu vya udongo, ngoma, vinyago, mitumbwi mizima, vyote vilipita mikononi mwake na sikumbuki kilichovunjika. Ole wako umkanyagie kasha, au usukume kasha kwa mguu! Chupa yake ya chai ilikaa dirishani pa ofisi ya kupakia, na mwenye kuigusa alikuwa Papa Gad peke yake, Mkongomani wetu anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, kwa sababu Papa Gad naye alikuwa haambiliki.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kuingia, ghala letu ni jengo refu lisilo na madirisha upande wa nyuma, karibu na pale barabara kuu zinapopandana. Vitu vinavyoonyeshwa kule mjini ni vichache. Vingi vimelala huku. Na Chumba cha Tisa, mwisho wa korido, vitu vyake si vitu. Ni watu. Ni mifupa ya watu, ndani ya masanduku, kwenye rafu za chuma, na hewa yake ya baridi inayopimwa kila siku ili wasiharibike. Mimi siku ya kwanza kuingia humo nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka.

Masanduku kumi na moja ya chumba hicho yalitoka kaskazini ya Australia. Humo mlikuwa na Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile. Walifikaje Springfield? Hilo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtamwelewa mstaafu wetu.

Kabla ya vita kuu ya kwanza, msafara wa wavumbuzi wa Kizungu, Waingereza kwa Wamarekani, ulipotea kule ukiwa na farasi wake na kamera zake. Mwenyeji mmoja, mtu mzima, aliwakuta ulimi nje kwa kiu, akawaonyesha maji. Akawaongoza miezi kadhaa, kisima hadi kisima. Wakampiga picha amesimama kando ya maji na fimbo yake, wakaliandika jina lake, wakashukuru, wakaenda zao. Nyuma yao, kwa njia zilezile alizowaonyesha, wakaja walowezi na ng'ombe wao. Visima vikazungushiwa seng'enge. Waliokwenda kunywa maji ya babu zao walipigwa risasi, na wengine waligawiwa unga uliotiwa sumu. Yule mwongozaji aliishi akayaona hayo yote ndipo akafa. Watu wake wakamfanyia ya kwao: mwili juu ya jukwaa la miti mpaka ubaki mifupa, mifupa ikapakwa udongo mwekundu, ikawekwa pangoni pamoja na ya wazee wake. Miaka miwili haikupita, mmoja wa wale wageni wa zamani akarudi, sasa mzee mwenye mvi na gari. Njia aliijua, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akaingia pangoni, akajaza masanduku.

Yarabi! Mtu anakunywesha maji, nawe unarudi kuchukua mifupa yake.

Mwaka 1984, Lusekelo alipokabidhiwa funguo za korido ile, aliuliza humo ndani mna nini. Akaambiwa mna mifupa. Akauliza ya nani. Akaambiwa ya Australia, kana kwamba Australia ni jina la mtu. Basi kesho yake, kabla ya kufungua, alisimama mlangoni akabisha: Hodi! Akanyamaza. Hodi! Akanyamaza tena. Hodi! Hakuna aliyemjibu. Akafungua, akaingia ameinamisha kichwa, akaomba radhi kwa kuingia bila kukaribishwa. Tangu siku hiyo hakuna asubuhi aliyoingia Chumba cha Tisa bila hodi tatu, na wote tuliokuja nyuma yake tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kushika nyundo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilimwambia kwamba kwetu hodi ya tatu ikikosa jibu unageuka unarudi ulikotoka, huo ndio uungwana. Alisema anajua, lakini kazi yake iko ndani. Hilo la kuingia bila karibu lilimkera miaka yote, na hakuficha. Alikuwa akisema kwamba sisi nasi ni wezi wa adabu, tofauti yetu na wale waliokwenda pangoni ni kwamba sisi tunaomba samahani.

Sasa nafika mwaka 2006. Baada ya barua na mawakili wa miaka mingi, makumbusho yalikubali kuirudisha mifupa, na mwezi Julai ujumbe ukaja kuichukua. Aliyeuongoza alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mjukuu wa yule mwongozaji. Alikuwa mtoto siku ile gari lilipoondoka na masanduku. Aliliona kwa macho yake. Jina lake nalijua, lakini silitaji, na sababu mtaiona. Alikuja na binti yake na vijana wawili wa ukoo, na alikuja na ugonjwa wa mapafu ambao madaktari wake walimkataza kupanda nao ndege.

Lusekelo alisikia mfiwa anakuja. Jamani, mfiwa! Baada ya miaka ishirini na mbili ya kukaa na maiti wasio na wenyewe, wenyewe wanakuja! Hakulala. Akaamua tuwafanyie msiba wa heshima, msiba wa nyumbani. Anysie, Mrundi wetu wa idara ya usafi, akapanga waimbaji. Mimi nikakaanga maandazi. Na Lusekelo mwenyewe akaenda Columbia Heights kwa wachapaji, akachapisha fulana. Nyinyi mnazijua fulana za msiba: picha ya marehemu kifuani, jina lake, na neno la kumuaga. Picha aliitungua koridoni ilikokuwa imetundikwa, ileile ya msafara, yule mwongozaji amesimama kando ya maji. Jina likaandikwa kwa herufi kubwa. Mgongoni: Safiri Salama, Babu.

Siku ilipofika tulijipanga kwenye mlango wa kupakia, safu mbili, sote tumevaa. Gari la wageni likaingia. Yule mzee akashuka taratibu, ameshikwa mkono na binti yake. Nasi tukaanza kulia, kilio cha kwetu, cha sauti, tukimwita marehemu kwa jina. Lusekelo alikuwa mbele na machozi yanamtiririka kwelikweli.

Mzee akatazama mara moja tu. Akavua kofia akafunika macho, akageuka, akarudi garini.

Binti yake alibaki nasi. Alitueleza kwamba kwao mtu akishakufa jina lake halitamkwi, na picha yake inafichwa, maana ukimwita unamzuia, unamsumbua, haendi. Babu yao alikuwa ameitwaitwa na kutazamwa na wageni miaka sitini na zaidi. Siku ya kumpeleka akapumzike, wanakuta vifua vizima vimevaa uso wake na watu wanalipigia kelele jina lake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Sisi wa mbali tulianza, tena kwa tarumbeta.

Lusekelo alisema neno moja: geuzeni. Tukakimbilia stoo, wanawake upande huu, wanaume upande ule, tukageuza fulana ndani nje. Anysie akanong'ona kwamba sasa babu wa watu anatazama matumbo yetu. Siku nyingine tungecheka.

Hapo Mkurugenzi wa makumbusho akatoka. Alikuwa mpole sana. Alisema anaelewa uchungu wa familia, na kwa kuwa mambo yameanza vibaya, pengine ni busara kuahirisha makabidhiano mpaka hisia zitulie, labda mwakani. Alilisema hilo kwa uso wa mtu aliyeokota pesa njiani. Sote tuliufahamu upole ule. Yule mzee mwakani hakuwa nayo, kifua chake kilisikika kikikoroma kutoka garini, na bila yeye hakukuwa na mwingine aliyewahi kuiona ile mifupa ikiwa pangoni mwake na kujua nani alale upande gani. Kwa kosa la fulana, watu wa masanduku kumi na moja walikuwa wanakaribia kukosa kwenda kwao.

Lusekelo akatoka kwenda uwanja wa magari. Sisi tulidhani anakwenda kuomba msamaha, tukasema kazi imeisha, hapo ataharibu kila kitu kwa kuongea, maana Mnyakyusa akianza kuomba msamaha anaanzia kwa babu zake. Hakulisogelea gari. Alisimama mbali, jua la Julai linamchoma utosini, akaita: Hodi! Akaketi kwenye ukingo wa saruji. Baada ya kitambo akaita tena, akakaa. Akaita ya tatu. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, na yule mzee alikuwa humo na dawa yake ya kuvuta pumzi, anamwona. Hakumjibu. Lusekelo hakuinuka. Jasho lilimtoka mpaka ile fulana ikamganda mwilini, na picha ikaanza kupenya kitambaa na kuonekana kifuani, naye akawa anaivuta kwa vidole isionekane. Nilimwonea huruma, wallahi.

Mwisho yule mzee akainua kidole kimoja. Lusekelo akaenda.

Walizungumza muda mrefu, na mengi tumesimuliwa na binti. Mzee aliuliza ni kitu gani hicho alichokuwa akikiita. Lusekelo akaeleza hodi ni nini. Akaeleza na ya Chumba cha Tisa, hodi tatu kila asubuhi bila jibu. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alisema kwao pia, mgeni anayefika kwenye kambi ya watu hukaa mbali, pembeni, anapoonekana, anasubiri mpaka wenyewe watume mtu wa kumwita. Anaweza kukaa kutwa. Anayeingia moja kwa moja ama ni mwendawazimu ama amekuja kuua. Wazee wake walipowaona Wazungu wa kwanza wanaingia moja kwa moja waliwadhania wendawazimu, wakawahurumia, wakawapa maji. Baadaye wakajua ni lile la pili.

Kisha alishuka garini, akapita mbele ya Mkurugenzi kama anapita nguzo, na sote tukamfuata mpaka mwisho wa korido. Pale mlangoni akamwomba Lusekelo abishe kama anavyobisha siku zote. Lusekelo akaita mara tatu, sauti imemkauka. Yule mzee akaweka kiganja juu ya mlango, akaongea na waliomo kwa lugha yao, maneno mengi, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alipomaliza akamgeukia Lusekelo akamwambia kwamba wamesikia, aingie. Lusekelo alilia mlangoni pale bila sauti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba kile akiwa amekaribishwa.

Laiti ningeishia hapo. Wakubwa wangependa niishie hapo. Ndipo ilipoishia taarifa iliyotundikwa ubaoni.

Masanduku tisa yalishushwa. Mawili yakabaki juu. Mzee akauliza, na ofisa wa utafiti akaeleza kwamba bodi imeridhia tisa tu, haya mawili bado yana manufaa ya kisayansi. Mzee akauliza mna nani humo. Ofisa akawa mkweli, maskini, hakujua jibu lake litafanya nini. Moja lilikuwa na kichwa cha mwanamke. La pili kichwa cha yule mwongozaji. Mwili wake ulikuwa kwenye yale tisa, tayari kwa safari. Kichwa kinabaki.

Yule mzee akakaa sakafuni. Binti yake akapiga kelele, vijana wakataka kupigana, na Papa Gad akaizima mashine yake akasema hagusi sanduku hata moja. Lakini mzee akawatuliza. Alisema akiyakataa tisa nayo yatabaki, na watu wanane watakuwa wamekosa kwao kwa ajili ya mmoja. Akaamua wale waondoke naye, na babu yake aondoke bila kichwa. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi sijawahi kusikia jambo zito kama lile.

Kabla ya kuondoka ilibidi masanduku yafukizwe moshi, ili roho zijue njia. Majani waliyokuja nayo yalikuwa yamezuiwa uwanja wa ndege. Papa Gad akakimbia duka la maua hapohapo Springfield akarudi na matawi, na Lusekelo alipoyaona akashangaa: mikaratusi! Mti aliokulia chini yake Rungwe. Mzee akamwambia ule ni mti wao, umetoka kwao. Basi nao ulisafirishwa na Wazungu walewale. Tukawasha moto kwenye karai nje ya mlango wa kupakia, moshi ukapita juu ya masanduku tisa, na sisi tukasimama pembeni, kimya, na fulana zetu za ndani nje.

Yule mzee alimwita Lusekelo ndugu. Akamwambia kwamba atarudi kuwachukua wale wawili, na mpaka siku hiyo asiwaache wakae bila mtu wa kuwabishia. Lusekelo akaitikia. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia anaitikia.

Mstaafu wetu alitakiwa apumzike mwisho wa mwaka ule wa 2006. Nyumba ya Rungwe ilikuwa imekwisha kuezekwa. Hakwenda. Nyonga ilikuwa imemharibika, akawa anatembea upande, lakini kila asubuhi hodi tatu. Na kila mkutano wa wafanyakazi, walipouliza kama kuna mwenye swali, alikuwa anasimama kwa shida, anashikilia kiti, anauliza lilelile: wale wawili lini? Jibu nalo lilelile, kwamba suala linashughulikiwa. Walimzoea. Kuna waliokuwa wakitazama saa wakimwona anainuka. Mimi niliona aibu kwa ajili yao, maana wao hawakuwa nayo.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, binti akapiga simu. Hakutaja jina, alisema tu kwamba baba hatakuja. Ndiyo sababu sikulitaja, na msiniulize.

Nilimfuata Lusekelo nje. Alikuwa ameketi kwenye ukingo uleule wa saruji. Mtu huyu, jamani, mtu wa kulia mpaka msiba usiomhusu! Kwao Rungwe angelipaza lile jina mpaka mlima wa pili uitike. Nililiona limemfika kooni. Akalimeza. Alikaa pale mdomo ameufumba kwa mkono, mabega yanatikisika, na jina halikutoka.

Mwaka huu daktari amemkataza kazi, na ofisi nayo ikaona huo ni muda mzuri. Ijumaa ya mwisho ya Julai alikabidhi funguo, kwa hiyo nikaenda naye mimi kumfungulia Chumba cha Tisa. Akabisha mara tatu. Akaingia. Akafuta vumbi kwenye masanduku mawili, ambalo halikuwapo, maana alilifuta jana yake. Kisha akarudi mlangoni, akasimama, akasema kama anavyosema mgeni yeyote mwenye adabu anapotaka kuondoka: jamani, naomba ruhusa, niende.

Kwetu mgeni hajiondokei tu. Anaomba ruhusa, mwenyeji anamwambia haya, nenda salama, ndipo anatoka. Lusekelo alisubiri. Mashine ya hewa inavuma. Nilimwambia Mzee, twende. Akasema hajaruhusiwa. Nikamwambia hawa hawawezi kujibu, na mwenye lugha yao ameshatangulia. Akasema hilo ndilo tatizo.

Tulitoka, maana jengo linafungwa. Lakini Jumatatu nilipofika kazini nilimkuta kwenye ukingo wa saruji, amevaa koti lake la kanisani, na chupa yake ya chai pembeni. Nikadhani amesahau kwamba amestaafu. Hakusahau. Jumanne alikuwapo. Wiki nzima alikuwapo, pembeni, anapoonekana, haingii, hasumbui mtu, anasubiri. Walinzi walimwomba aondoke, wakashindwa wamfanye nini mzee anayewaamkia vizuri na kuwamiminia chai. Alhamisi Mkurugenzi akaniita ofisini, akaniuliza kwa upole wake ule, mzee wenu anataka nini. Nikamwambia anataka ruhusa ya kuondoka. Akasema lakini ameshapewa, karatasi zote zimetiwa saini. Nikamwambia si yako.

Basi Mzee Lusekelo, umoja wako unakushukuru. Umetufundisha kufunga kasha na kubisha mlango. Umetulisha ndizi mpaka Waislamu kwa Walokole tukawa Wanyakyusa. Umetutia aibu na fulana zako, umetutoa aibu kwa kukaa juani. Anysie anasema Mungu akuponye nyonga, Papa Gad anasema ile chupa ya chai ni yake ukifa, na mimi nasema hodi za asubuhi nimezichukua, sijakosa hata moja tangu Jumatatu.

Tunakutakia maisha mema na marefu, kwenye baridi yako na migomba yako. Wapishi wamekwisha kuniashiria, na mabegi yako najua yako mlangoni kwako tangu mwezi wa sita. Lakini ile ruhusa uliyoomba, Mzee wangu, hakuna kati yetu hapa ukumbini anayeweza kukupa. Wenye kuitoa ni wawili, wako Chumba cha Tisa, na walioshika ufunguo wao wamekaa pale meza ya mbele, wanatabasamu, wanasubiri nimalize wapige makofi.